Kibanio cha Njano Kwenye Picha ya Mvua

Uvumilivu wangu uliisha Jumatano, saa nne na nusu asubuhi, mbele ya wazazi watatu waliokuja kukagua kituo chetu cha kulelea watoto kabla ya kuandikisha wa kwao. Mwenye kituo, ambaye walezi wote tulimwita Madam, alikuwa anawaonyesha ule ubao wake. Una picha tatu: jua, wingu na mvua. Kila mlezi ana kibanio cha nguo cha rangi yake, na kila asubuhi anakibana chini ya picha inayofanana na moyo wake. Changu ni cha njano. Siku hiyo kilikuwa kwenye mvua.

"Hapa tunajali hisia za mtoto, na hisia za anayemlea mtoto," Madam akasema. Huku anasema hivyo, mkono wake ukakitoa kibanio changu kwenye mvua na kukibana kwenye jua. Alifanya kwa wepesi, kama mtu anayemfuta mtoto makamasi.

Mimi nilikuwa nimebeba mtoto wa watu kwa mkono mmoja, mkono wa pili nimeshika chupa ya maziwa ya mama yake. Nje ya geti, mwanangu wa miezi mitano alikuwa analia mgongoni kwa mama mkwe wangu. Ndani walikuwa wanalia watoto wanne, lakini wa kwangu nilimsikia. Na kifua nacho kilimsikia, maana kanga niliyoificha chini ya aproni ilikuwa imelowa.

"Madam," nikasema, "hiyo ni mvua. Iache inyeshe."

Baba mmoja alicheka. Nadhani alifikiri ni sehemu ya maonyesho.

Nirudi nyuma kidogo. Kituo kiko Themi, mimi nakaa Engutoto, mwendo wa nusu saa kwa miguu kama hujabeba mtu. Likizo ya uzazi ilipokwisha, mama mkwe alishuka kutoka kwao, magharibi ya Mlima Meru, akaacha mbuzi na mahindi kwa jirani. "Nimekuja kulea," aliniambia, "sikuja kukaa mjini." Kiswahili chake ni kichache, na chote kina kazi.

Mimi nikarudi kulea wa wenzangu. Saa tatu asubuhi napasha maziwa ya kina mama wengine, kila chupa na plasta yenye jina. Nilijua nani akilala anashika sikio, nani anacheua usipompiga mgongo. Habari za wa kwangu nilisimuliwa jioni. Siku moja, kwa uchovu, nilifika nyumbani nikamuuliza mama mkwe kama ninavyojaza fomu za kazini: amekula saa ngapi, amelala saa ngapi, hisia zake zikoje?

"Amelia," akasema. "Andika hivyo."

Nilichotaka kilikuwa kidogo: nipewe muda wa saa moja mchana niende nikamnyonyeshe. Alikuwa ameanza kugeuza uso nikimpa ziwa, kama mtu aliyeahidiwa sana akachoka. Nikalipeleka ombi kwenye kikao cha kusikilizana, ambacho Madam alituwekea kila Ijumaa, na karanga na soda juu.

"Nimekusikia," Madam akasema, mkono kifuani. "Asante kwa kuwa muwazi. Sasa sote tuvute pumzi. Moja, mbili, tatu, nne."

Tukavuta. Mlezi mwenzangu, dada mtu mzima aliyekaa pembeni yangu, akaninong'oneza: "Vuta kwa nguvu, mdogo wangu, labda maziwa yatarudi ndani."

Baada ya pumzi nikauliza, basi nimeruhusiwa?

"Nikikuruhusu wewe, na wengine watataka."

"Wengine gani, Madam? Anayenyonyesha hapa ni mimi peke yangu."

"Ndiyo maana haitakuwa haki kwa wengine."

Nikauliza kama naweza basi kuja naye kazini. Kituo cha watoto, nikafikiri, mtoto mmoja zaidi hataonekana. Akasema hapana, mlezi akiwa na wake atampendelea. Hapo alikuwa na hoja. Ningempendelea sana.

Mama mkwe hakuja kikaoni, kwa hiyo hakujua kwamba nimeshasikilizwa. Aliamua mwenyewe. Akaanza kumleta mtoto getini saa nne na nusu, muda wetu wa chai, na mimi nikawa namnyonyesha nimekaa kwenye jiwe nje ya ukuta. Chai ya robo saa. Siku tatu tu, mtoto akaacha kugeuza uso.

Siku ya nne, ambayo ni Jumanne, Madam akanivuta pembeni. Wazazi wanapita, wanaona, kituo kinaonekana kama kijiwe. Kwa hiyo mlinzi ameelekezwa asinifungulie geti mpaka saa ya kutoka. "Si kwa ubaya," akasema. "Hapa sisi ni familia."

Jioni ile ile nilimpeleka mtoto kliniki. Nesi akaangalia kadi, mstari wa uzito umelala chali.

"Mbona uzito umesimama? Ananyonya?"

"Usiku."

"Na mchana?"

"Mchana nahudumia wa wenzangu."

Hakucheka. "We mama, hujui sheria ya kazi inakupa hadi saa mbili za kunyonyesha kila siku, ndani ya muda wa kazi?"

Sikujua. Nimemaliza kidato cha nne. Shuleni nilifundishwa kilimo cha ngano cha Kanada, nikakijua vizuri. Hili hakuna aliyenifundisha.

Jumanne hiyo nilisahau kumwambia mama mkwe asije tena. Au sikusahau, sijui. Ndiyo maana Jumatano alikuwepo pale nje, na geti limefungwa, na kibanio changu kikahamishwa kwenda juani.

Baada ya kusema nililosema, nilimkabidhi yule dada mlezi mwenzangu mtoto wa watu na chupa yake, nikachomoa kibanio ubaoni, nikaenda getini. Mlinzi akaniangalia, akamwangalia Madam, akafungua. Nikanyonyesha.

Mchana nikapewa barua ya onyo: kuonyesha hisia hasi mbele ya wateja.

"Umeniumiza," Madam akasema. "Nilidhani sisi ni familia."

"Sawa, Madam. Katika hiyo familia, nani anamnyonyesha mwanangu?"

Akaniambia nivute pumzi.

Jumatatu asubuhi niliomba ruhusa nikaenda ofisi ya kazi ya serikali na mama mkwe, mtoto, na kurasa nne nilizoandika Jumapili baada ya ibada. Kwenye benchi la kusubiri nilimpa ziwa. Kwanza akageuza uso. Nikangoja. Akarudi.

Afisa, baba wa makamo, alisoma ukurasa wa kwanza. "Mama, hii ni barua au risala?"

"Shikamoo. Ni malalamiko."

"Marahaba. Unataka nini hasa?"

"Saa ya kunyonyesha."

"Basi andika hivyo."

"Na geti," mama mkwe akasema kutoka nyuma. "Aandike na geti."

Akanipa karatasi. Nilichoandika, na wakagonga muhuri wa kupokelewa, ni hiki:

*Mimi ni mlezi katika kituo cha kulelea watoto kilichopo Themi. Nina mtoto wa miezi mitano ninayemnyonyesha. Nalalamika kwamba mwajiri wangu amekataa kunipa muda wa kunyonyesha, na mtoto alipoletwa, geti lilifungwa. Naomba aelekezwe kunipa muda huo kila siku ya kazi kwa kadiri ya sheria, na mtoto akiletwa, geti lifunguliwe. Naomba pia onyo nililopewa lifutwe, kwa sababu nilichosema kilikuwa kweli. Kuhusu ubao wa hisia sina lalamiko, ila kibanio changu nikibane mwenyewe.*

*Viambatisho: nakala ya kadi ya kliniki, barua ya onyo, kibanio kimoja, rangi ya njano.*