Picha Waliyoiacha Mezani

Mpaka leo nikiona gari la kituo cha televisheni limeegeshwa kwenye apartimenti zetu hapa Irving, kando ya jiji la Dallas, damu inanichemka. Najua wamefuata nini. Wanatafuta mtu wa kulia.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini ni mwanamke wa Kilebanoni, mzaliwa wa kijiji cha kusini. Nilipofanyiwa upasuaji, yeye ndiye aliyenipandishia supu ya dengu wiki nzima na kunifulia nguo bila kuombwa. Kwa hiyo kaka yake alipouawa na bomu huko kwao, niliomba ruhusa hospitalini ninakofanya kazi, nikashuka kukaa naye matanga. Mila zao si zetu sisi Wakenya, lakini kwa hili tunafanana: nyumba ya msiba haiachwi peke yake. Nilipika chai ya maziwa, yeye akanywa kahawa yake, tukakaa.

Kaka alikuwa fundi wa friji. Siku hiyo alikuwa ameitwa kutengeneza friji ya duka la maziwa, bomu likamkuta humo ndani pamoja na mwenye duka. Hilo ndilo dada mtu alilotaka lijulikane. "Sitaki ahesabiwe tu na maiti," aliniambia kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. "Dada, nataka wajue alikuwa mtu." Ndiyo maana mwandishi wa habari alipopiga simu kuomba mahojiano, alikubali.

Tulitumia asubuhi nzima kuchagua picha. Kwetu picha ya marehemu si mchezo; nimeona ndugu wakinuniana miaka kwa sababu ya picha mbaya kwenye tangazo la mazishi. Tulipata moja nzuri. Ameegemea friji iliyofunguliwa mgongo, bisibisi mfukoni mwa shati, anacheka mpaka macho yamefumba. Jirani yangu aliifuta vumbi kwa kanga niliyomletea, akaiweka mezani, mbele ya kiti cha mgeni.

Wakaja wawili. Wa kamera aliitazama sebule, akaondoa mto wenye nembo ya timu ya futiboli ya Dallas, akasukuma na baiskeli ya mtoto nyuma ya mlango, eti vinavuta macho. Mwandishi akaanza. Je, anaogopa? Ana chuki? Familia yake iko upande gani? Jirani yangu akajibu kuhusu friji. Akaulizwa tena anajisikiaje. Akaionyesha picha, akaeleza kuhusu duka la maziwa. Akaulizwa tena anajisikiaje, na hapo akalia. Nilimwona mwandishi akimkonyeza mwenzake, na kamera ikasogea usoni pake. Nilikuwa nimeshika birika la chai. Mungu peke yake ndiye anayejua kilichonizuia.

Walishukuru, wakakunja nyaya zao, wakaenda. Picha waliiacha pale pale mezani.

Jioni tulikaa na watoto wake mbele ya televisheni. Ukaja moshi. Wakaja wanaume wenye bunduki juu ya pikapu, mchanga mtupu pande zote. Binti yake akauliza, "Mama, where is that?" Kwao ni kijani kibichi, milima, mizeituni na tumbaku, jangwa hilo walilitoa wanakokujua wenyewe. Kisha akatokea yeye, analia, sauti yake imezimwa, na mwandishi anasema juu ya machozi yake kwamba eneo hilo limezoea vita kwa vizazi vingi. Kana kwamba vita kule ni mvua, inanyesha yenyewe, hakuna anayeitupa. Friji haikutajwa, wala jina. Ikafuata hali ya hewa.

Jirani yangu alinyanyuka akaenda kuuchukua ule mto wa timu, akaurudisha kwenye kochi.

Nilipopanda kwangu nilimpigia rafiki yangu wa kanisani, nesi mwenzangu, nikamwomba awalete akina mama Jumamosi tukamfariji jirani yangu. "Lakini wewe, hao watu si wamezoea?" akasema. "Kila siku kwa news ni mabomu tu."

Nilimpandishia sauti, na sijutii. Nilimkumbusha uchaguzi ulipoharibika nyumbani, na televisheni za huku zikaonyesha matairi yale yale yakiwaka usiku na mchana, mpaka wagonjwa wetu wakatuuliza kama mama zetu bado wana nyumba. Nani alilia chooni kazini kwa hasira? Si yeye? Mama yake alikuwa Nyeri anakamua ng'ombe! Nilimwambia mkuki kwa nguruwe ameuona mtamu. Jumamosi alikuja, na chapati, ila alikuja amenuna.

Ilipita kama miezi miwili. Jirani yangu akapanda kwangu na simu mkononi, akaniomba nisome ujumbe aliotumiwa na yule mwandishi, kwa sababu alidhani hajauelewa vizuri. Alikuwa ameuelewa. Mwandishi alimpa pole tena, akasema kipindi kile kilipendwa sana na watazamaji. Kama hali itazidi kuwa mbaya huko kwao, au mtu mwingine wa familia akapatwa na jambo, tafadhali awajulishe wao kwanza.

"Tumjibu nini?" akaniuliza.

Nikaichukua simu nikaandika kwa Kiswahili, atafute mwenyewe wa kumtafsiria: Kaka yangu alikuwa fundi wa friji. Aliuawa akitengeneza friji ya duka la maziwa. Picha yake uliiacha mezani na bado ipo, njoo uichukue.

Akaniuliza nimeandika nini. Nikamweleza neno kwa neno. Akajifuta pua.

"Ongeza kwamba alikuwa anaimba akifanya kazi," akasema. "Na alikuwa anaimba vibaya sana."

Nikaongeza, kisha nikatuma.