Likelemba ya Vidonge

Bado inanichefua. Kila nikipita mbele ya ile farmasi ya mtaani kwetu Kasenga natema mate pembeni, na anayetaka kunicheka anicheke.

Binti wa dada yangu alikuwa anaishi kwangu, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, mtoto wa akili kweli. Dada yangu analima huko bonde la Ruzizi. Alimleta mjini apate diplome. Mimi ni mshonaji. Asubuhi moja msichana akaniletea sketi yake ya shule nimpanulie kidogo kiunoni. Mshonaji hadanganyiki na kiuno. Nikamuuliza: "Uko na mimba?"

"Aka, mama mudogo! Haiwezekani. Minye niko mu likelemba."

Nikadhani anasema likelemba tunayoijua sisi wamama wa sokoni, ya kuchanga na kupokea kwa zamu. Kumbe wasichana wa darasa lake walinunua pamoja pakiti moja ya vidonge vya kuzuia mimba. Kila Jumamosi pakiti inahamia kwa mwingine, anameza kimoja, anaipitisha. Na walikuwa waaminifu kutushinda sisi: hakuna aliyeruka zamu, hakuna aliyemwibia mwenzake. Nilicheka kidogo, kisha nikaitupa sketi chini. Vidonge vile ni vya mtu mmoja, kila siku, bila kuruka! Nani aliwahi kuwaambia? Hakuna. Tukapima, mimba ikaonekana, na shule yake haimwachi msichana mwenye mimba akae darasani.

Nikaenda farmasi na hasira zangu zote. Muuzaji alikuwa anachokonoa meno.

"Mama, minye niko nauzisha dawa, sifundishaka."

Tena akatabasamu, akaniambia kwamba wasichana wakija na nguo za shule anawapandishia bei, kwa sababu wanaona haya kubishana. Alisema hivyo huku anauangalia ule mti wa kuchokonolea meno kana kwamba tunaongea habari za mvua. Mtu mzima, ana watoto wake! Nikatoka kabla sijamrukia.

Lakini kinyaa chenyewe kilikuwa kinanisubiri nyumbani. Dada yangu alikuwa amesikia habari yote, akafika, na wamama wawili wa kanisa lake nyuma yake. Kwanza wakamfukuza binti yangu, mdogo kuliko yule wa dada, aende uani kusafisha samaki, eti maneno haya si ya masikio ya watoto. Nikadhani sasa tutaongea shule, mtoto atatunzwa namna gani, atarudi lini darasani. Wapi! Hakuna aliyeyagusa hayo.

"Nani alikufundisha vidonge?" wakamuuliza msichana. Hilo ndilo lililowauma.

"Mimba ni Mungu anatoa," akasema mmoja wao, "lakini vidonge ni vya malaya."

Na dada yangu, mama mzazi, akaitikia kwa kichwa. Yaani afadhali mtoto aharibikiwe kwa ujinga kuliko ajue! Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi tunaficha, na watoto wetu ndio wanaozaa.

Wakaomba sala ndefu, wakatoka kutafuta motari wa kuwabeba kwa pikipiki. Msichana hakuwa ametoa hata chozi mbele yao. Sasa akanishika mkono.

"Mama mudogo, usikasirike. Tulipopima, nikatoka mu likelemba. Lakini mutu hatokaka hivi hivi, weye unajua. Anaachia ndugu yake nafasi."

"Ulimwachia nani?"

Akaangalia mlango wa uani.

Kule uani alikuwa binti yangu. Nikatoka mbio mpaka barabarani, ambako wale watatu walikuwa wanabishana na motari.

"Rudini ndani!"

Wakarudi wakikimbia, wakidhani kuna mtu amekufa. Nikamwita binti yangu, mikono bado imejaa magamba ya samaki, nikamkalisha katikati yao. Nikaanza kusema: damu ya mwezi, mbegu ya mwanamume, kidonge, kondomu, kila kitu kwa jina lake. Mama mmoja akaanza kukemea shetani, sikunyamaza. Dada yangu akajifunika uso kwa kitenge.

"Uso ufunike," nikamwambia, "lakini masikio yaache wazi."