Kitabu cha Zamu cha Baba

Mimi si mtu wa safari. Kutoka Kitengela hadi Isinya, kwangu hiyo ni ng'ambo. Mama husema marehemu baba alikuwa zimamoto huko Magadi, akikimbiza moto, na mwanawe anakimbiza rimoti. Lakini juzi mlinzi wa kituo hicho alimpigia Mama simu: jengo la zamani linasafishwa, na vitabu vya zamu visivyo na mwenyewe vitachomwa Jumamosi.

"Mutua, niletee kitabu cha babako," Mama akasema. "Nataka kuona mwandiko wake kabla haya macho hayajaisha kabisa."

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi. Binamu yangu Kyalo alikuwa anapeleka mboga huko kwa pikapu. Nilibeba sweta, chapati sita, maji lita tano na dawa ya tumbo.

"Kwani unahama?" akaniuliza.

Corner Baridi sweta ilinifaa. Baada ya hapo barabara inateremka bondeni, na sweta ikawa adhabu. Oltepesi nikavua shati pia. Kyalo akaniomba suruali niiache.

Magadi, saa tano. Ziwa lilikuwa jeupe, kwingine rangi ya waridi, na mitambo ya kuchimba magadi ikinguruma kando. Jengo nililiona mara moja: chini milango miwili mikubwa myekundu ya gari la zimamoto, juu ukumbi wa mji walipofanyia mikutano na harusi, na ubavuni mnara wa kuanikia mipira ya maji. Mlinzi, Mzee Lemayian, aliwahi kuwa zimamoto pamoja na baba.

"Supa," akanisalimu kwa Kimaasai.

"Ipa."

"Wewe ni wa Mutiso! Lakini yeye alikuwa mwembamba."

Alinitolea kitabu kabatini. Nikafungua kutafuta moto. *Jumatatu. Gari limeoshwa. Mipira imeanikwa. Hakuna moto.* Jumanne, hivyo hivyo. Nikaruka kurasa ishirini. *Mbuzi ameingia ukumbini. Ametolewa. Hakuna moto.*

"Mzee, moto uko wapi?"

"Moto gani? Kazi ilikuwa kukaa. Ukienda kutembea na kengele ilie, si mji utaisha? Babako alikuwa anakaa kwa hiyo kiti hapo mlangoni. Sijawahi ona mtu wa kukaa kama yeye."

Nilikijaribu kile kiti. Kilinienea kabisa.

Njia ya kurudi nilikipakata kitabu. Mama amejivunia ile mioto maisha yake yote, na humu haimo hata mmoja.

"Mwambie kimechomwa," Kyalo akanishauri. Nilifikiria hivyo mpaka Kiserian.

Kitengela, saa kumi na moja jioni. Nilishindwa kudanganya. Mama alikaa dirishani, akakileta kitabu karibu na pua, akafuata mistari kwa kidole. "Hakuna moto," akasoma. Akafungua kwingine. "Hakuna moto." Halafu akacheka hadi leso ikaanguka.

"Ulikuwa unajua?"

"Nani alikuwa anampelekea chakula hapo kwa kiti?"

"Sasa mbona kila siku unanisema na rimoti?"

"Babako akikaa, gari lilikuwa limeoshwa."

Basi hilo ndilo nililojifunza kwa kwenda hadi Magadi: kukaa pia ni kazi, ila ina masharti. Jumamosi asubuhi niliamka kabla ya Mama. Nilipomaliza nilichukua kalamu, nikaandika kwenye ukurasa wa mwisho uliobaki wazi, kwa herufi kubwa ili aweze kusoma: *Jumamosi. Vyombo vimeoshwa. Nguo zimeanikwa. Hakuna moto.*