Fungu la Kumi Nililolipeleka Shuleni

Nakumbuka Jumapili moja ya msimu wa mavuno, mwanangu, nilipokuwa mke kijana hapa pembeni mwa Kasongo, na Riziki, mtoto wangu wa kwanza, angali mgongoni. Nakusimulia kwa sababu ya swali uliloniuliza juzi ulipofika kutoka Salamabila. Ulisema kwamba katika kituo cha afya unakofanya kazi, akina mama wanazuiliwa baada ya kuzaa kwa kuwa hawana cha kulipa. Ulisema umechoka kumpelekea mchungaji wako fungu la kumi, na ungependa kuwapa wao badala ya kanisa. Ukaniuliza kama Mungu atalipokea. Sikukujibu, nawe ukadhani ni masikio yangu ya uzee. Nilisikia vizuri.

Mwaka ule vita vilikuwa vimewaka upande wa Kabambare. Watu walikuja kwa miguu kutoka Wamaza na vijiji vya kule, wakawekwa katika madarasa ya shule yetu ya msingi. Nilipita pale kila asubuhi nikienda shambani. Kila mara nilimkuta mama mmoja, jina lake Asha, akichemsha majani ya mihogo bila chumvi wala mawese, watoto wake wawili wamekaa wanaitazama sufuria. Hakuniomba kitu hata siku moja. Labda angeniomba ningekasirika na kupita. Kwa vile hakuomba, nilishindwa kula chakula changu kwa raha.

Mpunga wetu ulikuwa umekubali sana. Desturi yetu ilikuwa hivi: ukivuna vikapu kumi, kimoja kinakwenda katika ghala la kanisa, kibanda kidogo cha udongo kando ya nyumba ya Pasta Yoane, pale pale penye kanisa. Kikishaingia mle, hatukuuliza tena. Tulichoona ni kwamba watoto wa pasta hawalali njaa, na mimi, nikwambie ukweli, jambo hilo lilinikera. Kwa hiyo usifikiri nilisukumwa na huruma peke yake. Ilikuwepo huruma, na ndani yake ilikuwepo chuki kidogo.

Jumapili hiyo pasta alitukumbusha fungu la mavuno. Ibada ilipokwisha, watu wakiwa bado wamesimama nje wakisalimiana, nilimwendea nikamwambia mbele ya wote kwamba mpunga wangu nitaupeleka shuleni.

Akanijibu kwa upole, "Lete hapa, Mama Riziki. Tutagawa pamoja."

"Tangu tulianza kuleta hapa," nikasema, "hatujaona mutu anakula, ila weye na watoto yako."

Watu waligeuka wakatutazama. Pasta Yoane aliinama, akaifunga Biblia yake katika kitambaa, akaenda nyumbani. Hakujitetea hata kwa neno moja. Sisi sote tukasema moyoni kwamba mtu asiye na kosa angejitetea. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema hivyo.

Wiki ile karibu wanawake wote wa kanisa walinifuata. Tulibeba vikapu kichwani, tukaimba njia nzima mpaka shuleni. Asha alinishika mikono yote miwili. Furaha niliyoipata siku hiyo sijaikana hata leo. Watoto wake walikula wakashiba, nami nikakaa nikiwaangalia.

Lakini midomo ilikuwa mingi, na mpunga wetu uliisha kabla ya Jumapili iliyofuata. Tulipaswa kurudi tena, na hatukurudi. Kila mmoja alitazama kilichobaki kwake, akahesabu miezi ya njaa iliyo mbele. Mimi nikaanza kwenda shambani kwa njia ya mzunguko, ile inayopita bondeni, ili nisiione shule. Surua ilipoingia madarasani, nilisikia tu. Nilisikia Asha amewazika watoto wake wote wawili. Sikwenda kumpa pole, mwanangu. Ningesimama mbele yake na mikono mitupu, nikaona aibu, nikabaki nyumbani.

Baadaye, siku moja, nilimkuta mke wa pasta akitwanga mpunga uani kwa mfanyabiashara mmoja, kwa malipo ya kibaba. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka. Nilimwuliza tangu lini anatwanga kwa watu. Akaniambia tangu ghala lilipokauka. Halafu akaweka mchi chini, akanisimulia jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelijua.

Nyuma ya nyumba yao aliishi msichana aitwaye Feza, mzaliwa wa Wamaza. Alikuwa amezaa mtoto mfu kwa uchungu wa siku nyingi, na tangu hapo mkojo ulimtoka bila kuzuilika. Mume wake alimfukuza kwa sababu ya harufu. Pasta alimpokea, akamwapia kwamba hatamtaja kwa mtu yeyote, kwani msichana mwenyewe aliona haya mpaka alitamani kufa. Chakula chake, sabuni yake na vitambaa vyake vilitoka katika vikapu vyetu. Wazee wawili vipofu, mmoja wao Mwislamu, nao walipikiwa kutoka mle mle. Watoto wa pasta walikula pamoja nao, ndiyo. Walikula kile walichokula vipofu.

"Feza alisikia maneno yenye ulisema," mke wa pasta akaniambia. "Alikuwa ndani, nyuma ya ukuta. Akaona sisi tunatafuta vibarua juu ya kumulisha. Akaenda."

Walimtafuta. Walituma ujumbe Wamaza, mama yake akajibu kwamba hajafika. Barabara ile wakati ule ilikuwa na watu wenye bunduki. Mpaka leo hajaonekana.

Nilikwenda kwa Pasta Yoane nikapiga magoti. Aliniinua. Nilitaka anikemee, nami ningepata pa kulia. Aliniambia hivi: "Hukukosa kwa kuwapatia. Ile watu walikuwa na njaa ya kweli. Lakini ungeniuliza, mama. Ungeniuliza sisi wawili tu, ningemuomba yeye mwenyewe anikubalie, halafu ningekupeleka umuone."

Alinisamehe, na msamaha wake haukunisaidia kitu. Tangu mwaka ule sikukosa kupeleka fungu la kumi, wala sikufungua mdomo tena juu ya kanisa. Pasta Yoane akafa. Aliyekuja baada yake alitia kufuli kwenye ghala, akawaambia wale vipofu waende kwa ndugu zao, na mpunga wetu ukapakiwa kwenye pikipiki kwenda kuuzwa. Niliona kwa macho yangu, nikanyamaza, nikaendelea kupeleka. Nilimwogopa Feza kuliko nilivyomwogopa Mungu. Mmoja wa wale vipofu alikufa mvua zilipoanza, na sikumbuki kama nilimpelekea hata bakuli moja.

Watu wa Kabambare bado wanakimbia. Mwaka jana walilala tena katika madarasa yale yale, na kati yao walikuwepo wazee waliokuwa watoto wadogo mara ya kwanza. Ninapowaona, sijui tena nilichookoa ni nini.

Sasa swali lako. Unaniuliza kama inaruhusiwa. Wachungaji watakufungulia Biblia upande huu, na wengine upande ule, na sina elimu ya kuwaamua. Naamini Mungu aliupokea mpunga ule niliompa Asha. Naamini pia atanidai Feza. Haya mawili sijaweza kuyapatanisha kwa miaka yangu yote, na sidhani kama nitayapatanisha kabla sijafa.

Basi fanya hivi. Kabla hujaondoa fungu lako, nenda kwa mchungaji wako peke yako, umwulize linaliwa na nani, na uombe kupelekwa ukaone. Ukikuta yupo mtu anayeishi kwa hilo, usimkatie. Wale akina mama watafutie katika kile kilichobaki mkononi mwako, hata kama kitauma. Ukikuta mchungaji anakula peke yake, mwambie usoni, usinyamaze kama mimi, kisha lipeleke kwa akina mama bila nyimbo. Wala usiwape mara moja ukajisifu. Ukianza, jua umefunga ndoa. Na hata ukifanya yote hayo, mwanangu, huenda usiokoe mtu. Fanya hivyo hivyo.

Mungu akupe macho ya kuona waliofichwa, na moyo usiochoka baada ya wiki moja. Akulinde katika barabara ya Salamabila, uende na urudi. Lile alilonifichia mimi akufunulie wewe ungali na nguvu za miguu. Amina.