Nilivyomtuza Tisa Kabla Hajafika Nyumbani

Jamani, mnaoniona hapa Greyville, Durban, nikipita na kofia nimeishusha mpaka machoni, msidhani ni jua, ni aibu tupu, na kwa kuwa video mmeshaiona (nani hajaiona, hata muuza mahindi wa pale kwenye robot, zile taa za barabarani, siku hizi ananiita "Kanga"), bora niwasimulie mwenyewe kuliko kumwachia Mama Grâce wa saluni aendelee kuitia chumvi.

Mnajua mimi ni mgonjwa wa besiboli. Ilianza na kofia ya mtumba, niliinunua kwa sababu tu kichwa changu hiki hakiingii kofia za watu wa kawaida, nikataka kujua yule ndege mweusi wa mbele ana maana gani, nikapekua kwenye simu, kumbe ni timu ya Marekani, sisi pale saluni tukaibatiza Kunguru, na tangu hapo nimekwisha. Nikajifunza historia yao yote, walivyoanzia kiwanja cha udongo nyuma ya kiwanda cha sabuni, walivyofungwa miaka na miaka mpaka mashabiki wanakuja uwanjani na mito ya kulalia, na yule mrushaji wao wa mkono wa kushoto aliyekuwa akiusemesha mpira kabla ya kuurusha. Lakini moyo wangu ulikuwa kwa Tisa, namwita hivyo kwa namba ya mgongoni. Tisa alikuwa mtu mnene, mzito, mcheshi, akiupiga mpira unakwenda kweli, ila mbio, ah, mbio Mungu hakumpa.

Sasa besiboli ukishapiga mpira unazunguka vituo vitatu, na ukirudi pale ulipoanzia, wanapaita nyumbani, kabla hujaguswa na mpira, ndiyo umepata pointi. Fainali ya mwisho ya Tisa, akiwa anakuja nyumbani, aliguswa zikiwa zimebaki hatua chache, Kunguru wakakosa kombe, naye akastaafu. Video ya fainali ile nimeitazama mara nyingi kuliko video ya harusi yangu (mke wangu analijua hilo na halimfurahishi).

Basi mwaka huu nasikia wastaafu wa Kunguru wanakuja Durban kucheza mechi ya kirafiki na vijana wa Queensburgh, na Tisa yumo! Nilipiga ukelele pale saluni kwa Mama Grâce, Mkongomani wa Bukavu aliyenipa kona ya kutengenezea simu, mpaka mteja akaunguzwa sikio na pasi ya nywele.

"Papa Salma," Mama Grâce akaniuliza, "huyu mutu wako anakuja, bon, utamupa nini?"

Swali hilo ndilo lililoniponza. Maana kwetu Tanga mtu akikukuna roho humpigii makofi tu kama unafukuza nzi, unainuka unakwenda kumtuza, unamvisha kanga shingoni pale pale anapoimba, na kwao Kongo wanabandika noti kwenye paji la uso. Basi siku ya mechi, Mwanahawa mke wangu yuko bafuni, nikafungua kabati, nikatoa kanga moja katika doti mpya nyekundu aliyoletewa na mama yake kutoka Tanga. Moja tu, wallahi, ya pili nikaiacha, nikajiambia jioni nitamweleza.

Mimi na Mama Grâce tukakaa nyuma ya kamba, karibu kabisa na pale nyumbani. Kunguru walikuwa nyuma kwa pointi moja, wazee wa watu wanahema, na zamu yao ya mwisho akaingia Tisa, mvi kichwa kizima, akakosa mpira wa kwanza, akakosa wa pili, wa tatu, paa! Mpira ukaenda mpaka kwenye kona, ukaingia chini ya gari la vinywaji, vijana wakalala chini kuutafuta, na Tisa anakimbia, kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, wala hasimami.

"Iko anakuja!" Mama Grâce analia kwa furaha. "Papa Salma, iko anakuja nyumbani!"

Na mimi nalia. Miaka yote ile, na leo anafika mbele ya macho yangu! Eish, ndugu zangu, katika kutuza hakuna anayekwambia sasa inuka, miguu inajua yenyewe. Nikaruka kamba, Mama Grâce nyuma yangu na vigelegele, nikamvisha Tisa kanga, ikamfunika uso mzima, Mama Grâce akaifunua akambandika noti kwenye paji lenye jasho, ikanata vizuri, tukaanza kumzunguka tunacheza, naye maskini kwa adabu zake akasimama akakata kiuno kidogo. Hapo ndipo kijana wa Queensburgh alipokuja taratibu, kama anayeingia msibani, akamgusa bega na mpira.

Nikatazama chini, ni hatua chache zile zile. Mwamuzi alitaka kumhesabia pointi yake, lakini Tisa mwenyewe akakataa, akasema ameguswa, basi. Kunguru wakafungwa, kwa sababu yangu mimi, shabiki wao pekee Durban nzima. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha kuungaunga na machozi kwamba kwetu hiyo ndiyo heshima. Akanisikiliza, noti bado ipo kwenye paji.

"Yaani mmenituza kabla sijafika?"

"Ndiyo, mzee. Nisamehe."

Akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi. Kisha akainuka, akaifunga kanga shingoni, akatembea zile hatua zilizobaki, akaruka nyumbani kwa miguu yote miwili, puu! Haikuhesabika popote, lakini uwanja mzima ulipiga kelele, na mimi sijawahi kufurahi vile, hata kwenye harusi yangu (hili msimwambie mtu).

Kofia yangu nilisahau kumpa aitie sahihi, na kanga akaondoka nayo Marekani, ningeidaije?

Video waliyonipiga uwanjani ilifika nyumbani kabla yangu. Nikamkuta Mwanahawa ameketi, ile kanga ya pili iko mapajani. Nikaapa mbele yake kwamba maisha yangu yote sitamtuza tena mtu ambaye hajafika, nitakalia mikono yangu. Alinitupia kanga begani, midomo inamcheza kwa kicheko anachokizuia.

"Haya," akasema, "kavae sare na shoga yako wa Marekani."

Na Kunguru wakicheza, naivaa.