Pasi ya Mama na Maji Moto ya Mwenye Nyumba

Juzi binti yangu alikuwa akifanya hesabu za umeme: volti mia mbili na arobaini, ampea nne. Akazidisha, akapata wati mia tisa na sitini. "Kumbe ni pasi tu," akasema. Nikaikumbuka pasi ya mama.

Nilipokuwa mtoto tulipanga chumba Muyeye, Malindi, na mama alikuwa akiwashonea watu nguo. Alasiri moja, Idi imekaribia, alikuwa akipiga pasi fyuzi ilipokatika, pa! Ukumbi mzima ulinukia sabuni ya mwenye nyumba. Mwenyewe akatoka bafuni na taulo kiunoni, povu masikioni, akifoka: "Mama Saida, pasi yako yala stima ya nyumba nzima!" Akaichomoa, akaenda nayo.

Mimi nilidhani stima ni kama maji ya mtungini, na mama ndiye aliyeyachota yote. Nikamwambia mbele ya wapangaji wote: "Mama, mbona watumalizia stima?" Hakunijibu. Alikwenda kuazima pasi ya makaa.

Sasa nimepiga hesabu mwenyewe. Mashine ya maji moto kama ile ya bafuni kwa mwenye nyumba ni wati elfu tatu. Gawanya kwa volti zile zile: ampea kumi na mbili na nusu. Pasi, nne! Na kila fyuzi ilipokatika, sabuni ilinukia. Malindi, na joto lile, mtu aoga maji moto, kisha amfokea mama yangu!

Lakini maneno yaliyomnyamazisha yalikuwa yangu. Na gauni lililobaki nusu limenyooshwa pasi ilipochukuliwa lilikuwa langu, la Idi.