Bunge la Juu Alilolitegemea Mama

Mama yangu aliiamini Seneti kuliko watu wote waliozaliwa Kanada. Nilimtafsiria kuwa ni bunge la juu, na yeye, mwanamke wa Mombasa asiyependa maelezo marefu, akashika neno hilo moja. Juu ni juu. Wa chini watapiga kelele wee, neno la mwisho litatoka juu.

Alikuwa na sababu. Aliyekuja huku uzeeni hapati pensheni mpaka akae miaka kumi, na Mama alikuwa na mitatu tu. Tuliishi naye mtaa wa Thorncliffe Park, akila kwa mkwewe aliyefanya kazi ghalani kule Downsview. Mume wangu hakuwahi kumnung'unikia. Lakini kumwomba nauli ya basi kulimchoma Mama, maana kwao mkwe haombwi. Nauli yenyewe ilikuwa ya kwenda Agincourt, upande mwingine wa mji, kwa shoga yake, mtu pekee mjini wa kupiga naye soga kwa Kiswahili chao. Wajukuu walimwelewa, lakini wakamjibu kwa Kiingereza.

Mwaka ule muswada wa pensheni ulifika bunge la juu, na wajumbe wake wakaongeza kifungu: miaka ya kungoja ipunguzwe. Mama akapika mahamri. Nilimkanya asishangilie mapema, hakunisikia.

Bunge la chini likakikataa. Nilimweleza jikoni.

"Mama, wa juu hawana ruhusa ya kuongeza matumizi ya serikali."

"Wana ruhusa gani basi?"

"Ya kupunguza."

"Kupunguza tu?"

"Tu. Na wamekubali kifungu kitolewe, hawakubisha."

"Watu wazima wale! Sasa wamewekwa juu wafanye nini?"

Nilikuwa na hasira na sikujua pa kuipeleka.

"Haya," akasema. "Na mimi nitapunguza."

Nilidhani ni mzaha. Alipunguza sukari, akapunguza simu za Mombasa, kisha akaacha kwenda Agincourt. Nilimwekea nauli chini ya mto, nikaikuta mkobani mwangu. Hata nilipoapa kuwa ni ya mshahara wangu, alisema nyumba ni ya mume, na fedha iliyomo ni yake.

Shoga yake alifariki wakati wa baridi. Walikuwa hawajaonana tangu kiangazi. Siku ya maziko Mama alivaa koti juu ya buibui, akasimama mlangoni, akanikingia kiganja.

"Leo nipe nauli, mwanangu."